Chombo Kilichoombewa Kabla Yangu

Wiki iliyopita, kwenye ghala ninakofanya kazi hapa Mesquite, karibu na Dallas, tuliletewa mzigo wa paneli za sola. Mimi ndiye niliyekata plastiki ya boksi la kwanza. Paneli ilikuwa nyeusi yenye ubluu, laini, inanuka gundi na karatasi mpya. Nadhani ilikuwa imekaa wazi mahali fulani kabla ya kufungwa, maana juu yake kulikuwa na vumbi jepesi kama unga uliopeperuka kutoka kwenye chekeche. Nikapitisha kidole, ukabaki mstari. Mwenzangu akaniuliza kama nimeona ufa. Nikasema hapana, nikaendelea na kazi. Lakini siku nzima moyo wangu haukuwa ghalani. Ulikuwa Houston, kwenye mkeka wa mama, nina miaka kumi, nimejaa wivu juu ya kitu ambacho sijawahi kumsimulia mtu, kwa sababu najua watu watacheka.

Nilikionea wivu chombo kilichotua kwenye sayari nyingine.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Marekani. Tuliishi upande wa Alief, mtaa wa Houston, ghorofa ya pili, watu watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Bahati aliyekuwa na miaka sita na ambaye Kiingereza kilimwingia haraka kama maji kwenye mchanga. Mimi kilinikataa. Shuleni nilikaa kimya tangu asubuhi mpaka basi la jioni, na nyumbani nilikuwa nimeshazoea kukaa kimya.

Jioni tulisali kabla ya kula, na sala ya mama ilikuwa na njia yake. Ilianza mbali. Mama yake, kule Kivu, alimfundisha kwamba sala inatembea kama mtu anayerudi kutoka shambani: inaanzia kule mwisho, inapita kwa watu mmoja mmoja, inafika nyumbani ikiwa imechoka. Kwa hiyo wa kwanza kuombewa alikuwa nyanya, aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Halafu mjomba wa Bujumbura. Halafu shangazi wa Dallas, ambaye miguu ilimvimba kwa kusimama kiwandani. Halafu Bahati, kwa kuwa yeye alipiga magoti upande wa televisheni. Mimi nilipiga magoti ubavuni mwa mama, bega langu likigusa mkono wake, karibu kiasi cha kunusa glovu za mpira alizovaa kazini mchana kutwa. Mpaka sala inifikie, wali ulikuwa umepoa, na mama alisema tu, "Na huyu hapa, Bwana. Amina."

Sikutajwa jina hata siku moja.

Niliwahi kujaribu kuirekebisha hali hiyo. Jioni moja nilikwenda kupiga magoti mlangoni, kwenye viatu, nikiamini kwamba nikiwa mbali nitatajwa mapema. Mama akafungua jicho moja.

"Weye, unafanya nini kule kama mugeni? Sogea hapa."

Nikasogea. Nikawa wa mwisho tena.

Bado, kuwa nyuma ya nyanya niliweza kuvumilia. Nyanya alikuwa mtu, tena mgonjwa. Kilichonishinda ni yule aliyekuja baadaye.

Mama alipata kazi ya kutunza wazee majumbani, na nyumba aliyopewa ilikuwa Sugar Land, mji wa jirani, kwa bibi mmoja Mmarekani aliyepooza upande wa kushoto. Sisi tulimwita Bibi Glenda. Kabla ya kiharusi alikuwa mhandisi. Ujanani alichora miguu ya chombo cha kutua kwenye sayari, miguu mitatu ya kusimamia, na michoro ile ile ilikuja kutumika tena miaka mingi baadaye kwenye chombo kingine. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa sasa Mirihi, ile sayari nyekundu. Hakikuwa na magurudumu ya kutembelea. Kilitua na kukaa pale pale kilipotua, kimeweka sikio lake ardhini, kinasikiliza kama sayari ile inatetemeka.

Nadhani ni hilo sikio lililomshika mama. Yeye alizaliwa chini ya mlima wa moto. Anajua vikombe vinavyolia kabatini kabla watu hawajasikia chochote. Alipoambiwa kwamba kuna kitu kimekaa peke yake usiku na mchana kusikiliza tetemeko, alikiheshimu kama mlinzi.

"Iko peke yake kule," alituambia jioni ya kwanza, akivua viatu. "Hakuna mutu hata moja. Hakuna hata mbuzi."

"Ni mashine, Mama," Bahati akasema kwa Kiingereza chake.

"Na gari yangu si mashine? Asubuhi siiombee iwake? Na haiwake?"

"Saa zingine."

"Funga macho."

Na sala ikaanzia Mirihi. Kwa hesabu ya mama ilikuwa haki kabisa: hakuna aliyekuwa mbali zaidi. Aliomba taratibu, kwa sauti aliyoitumia zamani kumbembeleza Bahati alipokuwa na homa. Chombo kilikula jua kupitia paneli mbili za mviringo, pana kama sinia za harusi, na vumbi la kule lilikuwa linaanguka juu yake kila siku bila mtu wa kulifuta. "Leta upepo, Bwana," mama alisema. "Upepo kidogo tu. Ufute macho ya mutoto huyu."

Mtoto. Nilisikia vizuri. Ndipo wivu ulipoanza.

Wivu wa mtoto mkimya haufanyi kelele. Nilikaa nao kama mtu anayekaa na jino linalouma. Mama aliporudi kazini aliongea habari za kule: leo kimeamka, leo kimelala mapema kutunza nguvu, leo wamekizimia kifaa kimoja kisichoke. Siku moja nilipata hesabu zote za kugawanya, nikaweka karatasi juu ya mfuniko wa sufuria ili aione bila mimi kusema. Mama akaihamishia pembeni, akafunua sufuria, akasema, "Bibi Glenda leo hakukula. Nguvu yake imeshuka tena." Hakuwa na maana ya nguvu ya Bibi Glenda. Kisha ikaja picha. Bibi alimchapishia mama picha ya chombo, na mama akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la ndizi. Friji yetu ilikuwa na picha moja tu, na haikuwa yangu. Kila nilipokwenda kuchukua maziwa niliikuta inanitazama, imesimama kwenye ule mchanga mwekundu na miguu yake mitatu, haisemi kitu, kama mimi, na inapendwa.

Basi nikaanza kuomba kinyume. Mama akisema leta upepo, mimi ndani ya moyo nasema usilete. Yeye anaomba macho yafutwe, mimi naomba vumbi. Nilitaka lianguke jingi, lifunike zile sinia mpaka zisionekane. Niliomba kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa ajili ya nyanya. Na mama akirudi na habari kwamba nguvu zimeshuka tena, nilihisi joto tumboni, kama mtu aliyekunywa chai.

Likizo fupi ya shule ilipofika, Bahati alipelekwa kwa jirani, nami mama akanichukua kwenda naye Sugar Land kwa sababu sikuwa msumbufu. Nyumba ya Bibi Glenda ilikuwa baridi na kimya, na zulia lake lilimeza miguu. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, amefunikwa shali, tableti imesimamishwa mbele yake kwenye meza ya kitanda. Aliniita nikae karibu. Akanionyesha picha zilizofuatana, moja baada ya nyingine. Chombo kilikuwa na mkono mrefu wenye kijiko mwishoni. Kwenye picha ya kwanza mkono ulichota udongo. Kwenye ya pili ukainuka. Kwenye ya tatu ulikuwa juu ya chombo chenyewe, na udongo unadondoka.

Nilikuwa nimewahi kuona udongo unadondoshwa hivyo. Niliuona kambini mara nyingi: watu wanapita mmoja mmoja, kila mtu na konzi yake, na sauti ile ya udongo kwenye mbao. Kule kwenye sayari hapakuwa na watu wa kupita. Nikaelewa kwamba Mungu amenisikia, na kwamba kwa kuwa hakuna wa kukizika, chombo kinajizika chenyewe.

Nikaanza kutetemeka. Bibi Glenda akadhani ni baridi, akaomba niletewe blanketi.

"Kwa nini kinajimwagia udongo?" nikamnong'oneza mama.

Mama akauliza kwa Kiingereza chake cha vipande. Bibi akaeleza kwa mkono mmoja, taratibu. Vumbi la kule ni laini mno, limegandia paneli. Wahandisi wameamua kumwaga mchanga, chembe kubwa, karibu na paneli upepo ukivuma, ili chembe hizo ziruke juu ya paneli na kuondoka na vumbi. Mama alisikiliza amekunja uso, halafu ghafla akajipiga paja.

"Ni sufuria!" akasema kwa Kiswahili. "Mungu wangu! Wanasugua kama sufuria! Mwambie, mwambie, weye unajua Kiingereza kuliko mimi. Mwambie kwetu tunasugua sufuria na mchanga!"

Sikumwambia. Mama akaigiza mwenyewe, akisugua sufuria hewani, na Bibi Glenda akacheka kwa nusu ya mdomo wake mpaka machozi yakatoka. Walicheka pamoja hivyo, wanawake wawili wasioelewana maneno ishirini, na mimi katikati na blanketi langu. Ule mchanga ulisaidia. Nguvu zilipanda kidogo, Bibi akamaliza sahani yake, na kwenye gari mama aliimba mpaka Alief. Hofu yangu iliisha kabla hatujafika. Wivu ukarudi mahali pake, safari hii ukiwa na njaa zaidi, kwa sababu sasa nilijua mama anaweza kucheka vile, na si mimi niliyemchekesha.

Niliomba vumbi mpaka joto la Houston likaja, tukafungua madirisha, kisha tukayafunga tena kwa sababu upepo wenyewe ulikuwa moto.

Jioni moja mama alirudi, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Chombo kilikuwa kimenyamaza. Walikiita, hakikujibu, wakakiita tena siku ya pili. Bibi Glenda alikuwa amegeukia ukutani. Mama hakulia. Alifanya jambo baya kuliko kulia: alianza kutafuta sababu.

"Mungu hafungi masikio bure," alisema. "Kuna kitu. Labda kiko humu ndani, labda kwangu. Nitafunga siku tatu."

Na mama akifunga ni kavu, hata maji hapana. Siku ya kwanza alikwenda kazini hivyo. Kazi yake ilikuwa kumwinua mtu mzima kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda bafuni, mara nyingi kwa siku. Siku ya pili, jioni, nilimwona kutoka dirishani akishuka kwenye gari. Alifunga mlango, akaweka mikono miwili juu ya paa la gari, akainamisha kichwa katikati ya mikono, akakaa hivyo. Magari yalipita. Mtoto wa jirani alimsalimia, hakuitikia.

Nilishuka ngazi bila viatu.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni weye. Nenda ndani, saruji ni moto."

"Ni mimi niliyeomba vumbi."

Akainua kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka, nyeupe pembeni. Nikasema yote pale kwenye maegesho, nikitazama tairi. Nilisema kila siku. Nilisema tangu mwanzo.

"Sababu gani?" akauliza.

Nikazidi kutazama tairi. Mama akafungua mlango wa gari. "Ingia."

"Bahati yuko ndani."

"Mwite. Tunaenda kwa Bibi. Utamwambia weye mwenyewe, kwa mudomo wako, maana mimi Kiingereza cha neno kama hili sina."

Kabla ya kufika alisimama kwenye kituo cha mafuta, akanunua chupa ya maji, akainywa yote amesimama. Nikajua kufunga kumekwisha na kwamba sababu iliyotafutwa imepatikana. Sijawahi kujisikia mchafu kama wakati ule.

Bibi Glenda alikuwa amekalishwa sebuleni na mfanyakazi mwenzake mama, yule wa zamu ya jioni. Tableti ilikuwa imezimwa. Mama akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, na labda ndiyo maana kilitoka wazi: nilimwambia Mungu alete vumbi, kwa sababu mama yangu anakipenda chombo chako.

Bibi Glenda hakucheka. Hakuniambia vilevile kwamba mashine hazifi kwa maombi ya mtoto, jambo ambalo mtu yeyote mwingine angeniambia haraka ili yaishe.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa jibu la hesabu alilolitarajia. Kisha akaniambia, Bahati akinifasiria pale niliposhindwa, kwamba anaye mwana, yuko mji wa Fort Worth. Zamani, alipokuwa anachora miguu ile, mwanawe alikuwa na umri kama wangu. Siku moja alikuta mchoro wake umemwagiwa maziwa, bilauri nzima, katikati. Alimpiga kofi. Alichora upya wiki mbili, na katika wiki hizo mbili hakumuuliza mtoto kwa nini.

"Nilidhani mkono uliteleza," alisema. "Miaka yote hii nimesema uliteleza."

Akaomba simu. Mkono wake mzuri ulishika simu, mimi ndiye niliyebonyeza jina aliloniambia. Ikalia mara nyingi. Sauti ya mwanamume ikatoka, ya haraka, imeogopa: "Mama? Kuna nini? Umeanguka?"

"Sikuanguka," Bibi akasema. "Nataka kukuuliza kuhusu maziwa."

Mama hakuelewa maneno, lakini alielewa chumba. Alitushika mikono mimi na Bahati, akatutoa nje.

Tulikaa kwenye gari mbele ya nyumba ile bila kuondoka. Bahati alilala nyuma mara moja, mdomo wazi. Jua lilikuwa bado lipo, na kwenye nyasi za watu mashine za kumwagilia zilizunguka zikipiga tik tik tik. Nilingoja kofi. Nilikuwa tayari kabisa kulipokea. Mama aliweka ufunguo, hakuwasha.

"Haya," akasema. "Nikuombee nini?"

Nikamtazama.

"Nakuuliza weye. Umetaka kuombewa, mpaka umepigana na kitu kiko Mirihi. Sasa niko hapa, sijali ya mutu mwingine. Sema. Nikuombee nini?"

Niliitaka ile zamu ya kwanza miezi yote, nikaipigania kwa silaha pekee niliyokuwa nayo, na sikuwahi kufikiria ningeijaza na nini. Niliwaza kiatu kipya, nikaona aibu. Niliwaza nyanya apone, lakini nilijua huo si ukweli wangu. Nilipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa kitu ambacho sikujua kwamba kimekuwa kikingoja.

"Shuleni sijui kuomba ruhusa ya kwenda chooni," nikasema. "Sijui wanasemaje. Ninajizuia mpaka nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofika."

Mama hakufumba macho. Hakuanza mbali wala karibu. Aliweka mkono juu ya usukani, akautoa, akauweka tena.

"Hiyo si ya kuomba Mungu," akasema mwishowe. "Hiyo ni ya mama kuja shuleni."

Asubuhi yake hakwenda kazini saa yake. Alikuja nami kwenye jengo lile refu, amevaa sare yake ya kazi yenye maua ya zambarau na viatu vyeupe vya mpira, kitambulisho kimening'inia shingoni. Mwalimu alitupokea mlangoni mwa darasa, wenzangu wote wakageuka. Mama akasema Kiingereza chote alichokuwa nacho, kwa sauti ya juu, akininyooshea kidole, kisha akinyoosha kidole kwenye korido, kisha akiweka mkono tumboni. Nilitamani ardhi ifunguke. Mwalimu akaelewa. Akashika mdomo wake, akasema pole mara nyingi, akatupeleka yeye mwenyewe mpaka kwenye mlango wenye picha ya mwanamke, akanionyesha kadi ya njano iliyoning'inia darasani, ambayo mtoto huichukua tu na kwenda bila kusema neno. Ilikuwa inaning'inia pale mwaka mzima.

Niliingia. Mama akabaki nje. Niliona viatu vyake vyeupe chini ya mlango, na niliwasikia watoto wakipita, wakipunguza hatua, wakicheka kidogo, na mama akiwasalimia mmoja mmoja kwa Kiswahili kana kwamba wote ni wa Kivu. Halafu akagonga mlango kwa kidole.

"Sifa," akasema. "Usikimbie. Mimi siendi popote."

Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko haja yangu.